Vyeti Katika Droo ya Chini

Katika ofisi yangu limo kabati la chuma lenye droo nne. Droo ya chini ilikuwa imepinda, haifunguki ila kwa kuvutwa kwa nguvu, nami kwa miaka mingi sikujali kuitengeneza, kwa kuwa humo sikuwa nikitoa kitu. Nilikuwa nikitia tu. Humo vililala vyeti vya wanafunzi waliomaliza masomo bila kumaliza ada.

Chuo chetu cha ufundi kipo kijijini, katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ni nchi ya migomba na ng'ombe, yenye kiangazi kisichomhurumia mtu. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Wanyarwanda walipokimbia machafuko ya kwao. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 yamruhusu mgeni kufanya kazi, na kwa hiyo katika karakana zetu mtoto aliyetoka Kongo husimama meza moja na mtoto wa mwenyeji. Wasomaji wa mbali hudhani kuwa wa kwanza ndiye maskini zaidi. Aghalabu sivyo. Elimu ya msingi bila ada ilianza Uganda mwaka 1997, na ya sekondari mwaka 2007, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana havikupata kuwa bure. Wanaotujia sisi ni wale waliodondoka njiani, wa pande zote mbili.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na ukuu wa chuo nilipewa kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeutaka. Nilikwenda nikitumaini kuwafundisha vijana lugha hii, ambayo marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yaliifanya lugha rasmi ya pili. Nikakuta kwamba Kiingereza ni cha daftari, Kinyankole ni cha sokoni, na Kiswahili tayari ni cha karakana. Niliyesomea tenzi nilikuja kuambiwa na kijana wa uashi tofauti iliyopo baina ya timazi na pima-maji, naye alinieleza kwa upole, kama mtu amwelekezaye kipofu.

Miongoni mwa vijana wa useremala alikuwapo mmoja ambaye mkono wake ulikuwa na kipaji. Ubao alioupiga randa yeye ungeutambua kwa kuupapasa gizani. Alipomaliza alidaiwa ada ya muhula mmoja na nusu. Mama yake, mjane kutoka Kivu, alinijia na jogoo kwapani.

"Mwalimu," akasema, "huyu si malipo. Ni wa kukuomba usubiri."

Nilimjibu kuwa cheti kitamsubiri mwanawe, wala si mimi nitakayesubiri. Nilimrudishia jogoo wake. Nilijiona nimefanya haki, maana kanuni iliandikwa ukutani, na mishahara ya walimu wetu hutegemea ada hiyo hiyo. Nikilegeza kwa mmoja, nilijiambia, nitawaambia nini wengine?

Yapata mwaka na nusu baadaye nilialikwa kutazama ujenzi wa madarasa katika shule moja ya msingi ya jirani. Juu ukutani mafundi walikuwa wakiunga kenchi za paa, na hata mimi nisiye fundi niliona kuwa hazikukaa sawa. Chini alipita kibarua na karai la zege begani. Aliponiona alilitua, akafuta mikono kwenye suruali, akanishika mkono kwa heshima zote, akaniuliza hali ya nyumbani na ya walimu wake, mmoja mmoja kwa jina. Habari ya cheti hakuigusa. Msimamizi ndiye aliyenieleza, bila kujua kwamba anasema na mkosaji, kuwa kijana yule alidai kuwa ni seremala lakini hakuwa na karatasi.

Njiani nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya siku ya jogoo. Kwa ujira wa kibarua, baada ya chakula, asingeweza kulipa deni letu hata kwa miaka mitano. Kwa ujira wa seremala angelilipa kwa miezi michache. Nilikuwa nimeifungia katika droo nyenzo ile ile ambayo ingemwezesha kunilipa. Jioni hiyo niliibandua droo kwa patasi. Nilikuta vyeti ishirini na vitatu, na viwili vimetafunwa pembe na panya.

Kwenye bodi nilipata upinzani, na haukuwa wa kijinga. Mhasibu wetu, mtu mwema, aliniuliza, "Mwalimu, walimu tuwalipe kwa huruma?" Nilipendekeza deni lilipwe kwa kazi. Wazo halikuwa langu: kule Serowe, Botswana, Patrick van Rensburg aliwaanzisha vijana wa uashi mwaka 1965 katika vikosi vilivyojitafutia gharama za mafunzo kwa kuuza kazi ya mikono yao. Tukapokea oda ya madawati. Kabla ya muhula kwisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wamepiga msasa majuma sita mfululizo bila kushika msumeno, na mwalimu wao aliniuliza kama bado tu chuo au tumekuwa kiwanda. Wa Botswana waliuona mtihani huo kabla yetu: kazi ya kuuza huyala masomo. Sasa kazi ya deni hufanywa alasiri mbili tu kwa juma, na oda kubwa tunazikataa, jambo ambalo linaniuma kila ninapolifanya.

Vyeti tunavikabidhi siku vinapofika. Deni hubaki daftarini. Wapo waliorudi kulipa, mmoja kwa magunia ya maharage. Wapo waliotoweka na hawatarudi, na mhasibu hunisomea majina yao kila mwezi bila kuongeza neno. Muhula uliopita mshahara wa mwalimu wa ushonaji ulichelewa. Hakunilaumu, ila ameacha kunywa chai nami saa nne.

Vyeti ishirini na viwili vimekwisha kuchukuliwa. Cha yule seremala nilikipeleka mwenyewe kwa pikipiki. Nilimkuta mama yake peke yake, akipepeta mtama. Mwanawe, alisema, amefuata kazi Mbarara, na simu yake haipatikani. Nilimpa bahasha kwa mikono miwili. Aliitazama, akafuta unga viganjani, kisha akanirudishia.

"Kikae kwako, Mwalimu. Atakuja kukichukua mwenyewe."

Nimekiweka katika droo ya juu, ambayo haina kufuli.