Mbegu za Maua Katika Nyua za Kariakoo

Mtu akianza mwendo wake katika Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, akashika Barabara ya Samora na kuvuka Mnazi Mmoja, hufika Kariakoo kabla ya saa moja kupita. Bustani hiyo iliwekwa mwaka 1893, siku za Wadachi, na Profesa Stuhlmann, ili mimea ya kigeni ijaribiwe, ionekane ni ipi itakayokubali udongo na jua la pwani. Jaribio hilo latufaa hata sisi tulio na kiwanja cha hatua tatu nyuma ya nyumba.

Jina la Kariakoo latokana na wapagazi. Waingereza walipoushika mji mwaka 1916, kikosi cha wapagazi wa vita, Carrier Corps, kilipiga kambi hapo, na vinywa vya watu vikaligeuza neno likawa letu. Soko tulijualo lilichorwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni kama miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, ili maji ya mvua yateremke mpaka hodhini chini ya ardhi. Moto ulilichoma mwezi wa Julai 2021, na kazi ya kulitengeneza ikafuata. Mchoraji yule aliifikiri mvua ya mji huu, na mpanda maua naye hana budi kuifikiri.

Maana katika mitaa iliyo jirani na soko yako maduka ya mbegu, na pengine mtu hupata humo, au hupelekewa na ndugu aliye ng'ambo, pakiti ya maua iliyotengenezwa Ulaya. Juu yake imeandikwa kwamba mbegu ni shupavu, zipandwe nje papo hapo mwezi wa Machi au Aprili. Maneno hayo ni kweli kwa nchi yake. Huko ndiyo majira ya kuchipua, ardhi imeanza kupata joto, na ushupavu wa mbegu ni kuvumilia baridi. Hapa kwetu Aprili ni kilele cha masika. Kwa mwaka mzima mji hupata mvua ya milimita 1,100 hivi, na Aprili peke yake huleta zaidi ya 200. Mbegu nyembamba iliyotiwa mchangani siku hizo huchukuliwa na maji mpaka mtaroni, na fedha ya mama mwenye nyumba huenda pamoja nayo. Hata ikiota, joto huirefusha na kuidhoofisha. Ushupavu wa baridi wafaa nini pwani?

Basi, tutafute mbegu za nchi za joto. Zinia, kosmosi na marigoldi asili yao ni Meksiko na nchi jirani zake. Zinia ilipewa jina la Zinn, mwalimu Mdachi wa Göttingen aliyefariki mwaka 1759, lakini jua aipendayo ni kali kuliko la kwao Zinn! Hizi zipandwe mwishoni mwa Mei, masika yanapopungua, zikue katika kipupwe. Au zipandwe wakati wa vuli, mvua ikiwa ya kiasi. Udongo ulainishwe, uchanganywe na samadi iliyooza, mbegu zifunikwe nusu ya sentimita tu. Zinia huota baada ya siku nne hadi saba, na maua huonekana karibu na juma la nane au la tisa. Miche ipunguzwe, ibaki nafasi ya sentimita 25, upepo upite. Ikisongamana, ukungu mweupe hushika majani. Maji yamwagwe shinani asubuhi. Kuku na sisimizi nao wazuiwe, maana hawasubiri mbegu iote.

Lakini katika Kariakoo ya leo shida kubwa kuliko mvua ni kivuli. Nyumba nyingi za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na uani nyuma, zimebomolewa, na maghorofa yamesimama mahali pake. Uani uliosalia katikati ya maghorofa mawili huweza kupata jua saa mbili tu, na zinia yataka sita. Kabla ya kununua mbegu, hesabuni saa hizo. Mwalimu aweza kuwapa watoto chaki waandike ukingo wa kivuli sakafuni kila saa, tangu asubuhi hata jioni. Kazi hiyo haigharimu senti. Mahali palipokosa jua pasipandwe zinia. Palipo na jua juu ya saruji, beseni bovu lililotobolewa chini latosha, na mbegu hutiwa humo humo bila kuhamishwa.

Maua ya kwanza yaliyo mazuri yaachwe yakauke juu ya shina, kisha mbegu zitiwe katika karatasi na kuandikwa mwezi. Zikiwa za chotara hazitafanana na mama yao. Zikiwa za kawaida, zitapandwa tena vuli ikija, wala hakutakuwa na haja ya kurudi dukani.