Sahani Ukutani: Kati ya Watts na Kunduchi

Tarehe 10 Oktoba 1959, katika mtaa wa Watts, kusini mwa Los Angeles, watu walikusanyika kuona kama minara ya mtaa wao ingesimama au ingeanguka. Jiji lilikuwa limetoa amri ibomolewe. Hoja ilikuwa kwamba ni hatari: ilijengwa bila kibali, na mtu ambaye hakusomea uhandisi. Waliokuwa wakiitetea waliomba ipimwe kwanza. Mhandisi Bud Goldstone akaandaa jaribio: mnara ukafungwa kebo, ukavutwa kwa nguvu ya pauni 10,000, yaani zaidi ya kilo 4,500. Mnara ukabaki wima. Kilichoshindwa ni mtambo wa kuuvutia. Amri ikaondolewa, na mwaka 1990 minara hiyo ikatangazwa kuwa sehemu ya urithi wa kihistoria wa taifa la Marekani.

Nimeishi katika jiji hili kwa muda wa kutosha kujua kwamba mgeni akija huonyeshwa Hollywood na ufukwe. Mimi humpeleka Watts. Tunapanda treni, tunashuka kituo cha 103rd Street, tunatembea kidogo, na minara inaanza kuonekana juu ya mapaa ya nyumba za kawaida kabisa.

Aliyeijenga ni Sabato Rodia, ambaye wengi humwita Simon. Alizaliwa Italia mwaka 1879, akaja Marekani angali kijana, akafanya vibarua vya kila aina kabla ya kuwa fundi wa kubandika vigae. Mwaka 1921 alinunua kiwanja chembamba chenye umbo la pembetatu, kando ya reli. Akirudi kutoka kazini jioni, na siku za mapumziko, alijenga. Aliendelea hivyo kwa miaka 33. Yapo maumbo 17 yanayosimama pamoja, minara, kuta, mabirika na umbo la merikebu, na mnara mrefu zaidi una takriban mita 30. Hakujenga jukwaa la kupandia. Alijifunga mkanda kama wale wanaosafisha madirisha ya maghorofa, akapanda juu ya kile alichokwisha kukijenga. Nondo alizipinda kwa kuzibana kwenye reli. Hakuchomelea chuma wala kutumia bolti: alizungushia waya na wavu, akakandika saruji kwa mikono yake. Kisha, saruji ikiwa bado mbichi, akapachika vipande vya sahani na vikombe, vigae, chupa za kijani za soda, chupa za bluu za dawa na kombe za baharini. Watoto wa mtaani walikuwa wakimletea vyombo vilivyovunjika.

Katikati ya miaka ya 1950 alimwachia jirani kiwanja, akaondoka. Hakurudi kuishi hapo tena. Alifariki Julai 1965, wiki chache kabla ya Watts kuwaka moto kwa hasira ya watu weusi waliochoshwa na polisi na umaskini. Watu 34 walikufa katika siku zile. Maduka mengi yaliteketea, minara haikuguswa.

Watu wa hapa wakimsimulia Rodia husema hajawahi kutokea mtu kama yeye, kwamba alisukumwa na wazimu fulani mtakatifu. Nawasikiliza kwa heshima, lakini mimi ni mzaliwa wa Kunduchi. Nyumbani kwetu, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, na katika makaburi hayo wazee wa karne ya 18 walipachika sahani na mabakuli ya kauri kwenye chokaa mbichi. Ukienda Kaole, karibu na Bagamoyo, utakuta makaburi ya nguzo. Ukipanda mpaka Gedi na Mambrui, Kenya, utayakuta, na la Mambrui lilipambwa kwa mabakuli ya China ya zama za Ming. Pwani nzima ilijua kazi hii. Mtu aliyeheshimika akifa, chombo kilichovuka bahari kilitolewa kabatini na kukaa juu ya kaburi lake, kikimeremeta jua likikipiga. Aliyefanya kazi ile hakuitwa mwendawazimu. Aliitwa fundi.

Kwa hiyo Watts haikunishangaza kwa namna inavyowashangaza wengine. Ilinikaribisha. Mkono uliobonyeza sahani ukutani kabla lipu haijakauka ni mkono ninaoufahamu. Tofauti ipo, na nimeifikiria sana nikiwa nimesimama pale kwenye uzio. Sahani za Kunduchi ziliwekwa nzima. Ni mali ya watu wa biashara, na zinasema wazi kwamba marehemu alikuwa na uwezo. Za Rodia ni vipande tu, kile ambacho jiji tajiri lilikuwa limekwisha kukitupa, kimekusanywa na kibarua. Kunduchi inamtukuza mtu mmoja mmoja. Watts imeokota vyombo vya jikoni vya kila nyumba, na mzee wa mtaani anaweza kunyoosha kidole na kusema pale juu kuna kikombe cha mama yake. Nikilazimishwa kuchagua kazi iliyo nzuri zaidi kwa macho nitachagua Kunduchi. Iliyo karimu zaidi ni Watts.

Lakini kuna jambo linaloniuma. Watts ina uzio, ina waongozaji, ina kituo cha sanaa jirani yake kinachofundisha watoto, na ina wataalamu wanaoziba nyufa. Kunduchi kuna makaburi ambayo sahani zake zimeng'olewa, yamebaki mashimo ya duara. Kwa sheria eneo lile ni la mambo ya kale na linalindwa. Sheria peke yake haikai usiku kucha makaburini. Minara ya Rodia haikuokolewa na sheria, maana sheria ndiyo iliyotaka kuibomoa. Iliokolewa na watu wawili walioichangia fedha wakainunua, mhandisi aliyejitolea, na wasanii na majirani waliokwenda kusema mbele ya maofisa kwamba kitu hiki ni chetu.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye ni fundi ujenzi huko nyumbani, Mtongani. Nilipomtumia picha za Watts kwa WhatsApp hakuniuliza Rodia alikuwa nani. Aliniambia, "Dada, shikamoo. Nipigie picha ya maungio. Hizo nondo amezifungaje?" Nikarudi nikapiga. Akasikiliza maelezo yangu, akaniambia kwamba ule wavu ndani ya saruji ndio siri: unaipa ukuta mwembamba nguvu ya kupinda kidogo bila kupasuka. Kisha akataka kujua kama bahari iko karibu, kwa sababu chumvi hula nondo. Katika miaka yangu yote hapa sijasikia mtu akizungumzia minara ile kwa heshima kama aliyoionyesha fundi yule kwa maswali yake.

Tangu hapo ninamtembeza jiji zima kwa simu. Nilimwonyesha nyumba ya Santa Monica ambayo msanifu Frank Gehry aliinunua kwa ajili ya familia yake, kisha mwaka 1978 akaizungushia mabati ya migongo, plaiwudi na wavu wa uzio, nyumba ya zamani ikabaki inachungulia ndani. Majirani walichukia. Baadaye wanafunzi wa usanifu wakawa wanakuja kutoka duniani kote kuitazama. Mdogo wangu aliitazama kwa muda mrefu. "Dada, bati hilo jua likiwaka wanalalaje?" Swali lake ni zito. Napenda ujasiri wa nyumba ile, na napenda kwamba ilionyesha thamani ya vitu vya kawaida. Hata hivyo siwezi kuitumia kusifia mabati. Gehry angeweza kuyabandua wakati wowote akaweka mbao. Aliyejengea mabati Tandale, Dar es Salaam, hana hiari hiyo.

Naye hunipa ya kwake. Alinipigia picha paa la soko la Kariakoo, Dar es Salaam, kazi ya Beda Amuli, Mwafrika wa kwanza kufungua ofisi yake ya usanifu katika Afrika Mashariki. Soko lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake limeundwa kwa vipande vya zege vilivyofunguka kama miavuli iliyogeuzwa, vinavyokinga mvua na kuikusanya huku hewa ikipita chini yake. Soko liliungua Julai 2021, ikabidi lifanyiwe ukarabati. Kama paa lile lingekuwa Los Angeles, kila Jumamosi kungekuwa na kundi la watu wamevaa kofia wakielezwa namna maji yanavyoteremka kwenye nguzo. Sisi tulipita chini yake tukitafuta nyanya na dagaa, na pengine huko ndiko kulitumia jengo kama lilivyokusudiwa. Bado nataka jina la Amuli lifundishwe shuleni.

Mazungumzo haya yamekuwa mazito zaidi kwa sababu yeye ndiye anayesimamia nyumba ninayojenga nyumbani. Sisi wa ughaibuni ni wateja wakubwa wa mafundi, na karibu sote tunatuma ramani zinazofanana: paa la kuficha, madirisha makubwa ya aluminiamu, ukuta mweupe, geti jeusi. Tunatoka kwenye miji ambamo tunapanda treni siku ya mapumziko kwenda kutazama ukuta aliojenga mtu kwa akili yake mwenyewe, halafu tunamtumia fundi wa nyumbani picha ya mtandaoni na kumwambia asibadilishe kitu. Fundi anayeuliza kuhusu maungio ya nondo anastahili zaidi ya hapo. Nimemwambia ukuta wa baraza ni wake. Bajeti ninayo, muda aamue yeye.

Alipendekeza sahani. Wazo likanifurahisha mno, mpaka mama aliposikia.

"Mwanangu, sahani zinapachikwa kaburini. Mimi nikae barazani nakunywa kahawa nimeegemea kaburi?"

Ana haki yake, na ameishi jirani na makaburi yale maisha yake yote. Nilimkumbusha kwamba katika nyumba za kale za Lamu vyombo vya kauri vilikaa vyumbani, kwenye zidaka zilizochongwa ukutani kwa chokaa. Akasema Lamu ni Lamu. Mdogo wangu, ambaye husikiliza wazee kuliko anavyonisikiliza mimi, akaleta shauri: sahani nzima zisiguswe. Vitumike vipande, kama vya Watts, na viwe vya vyombo vilivyovunjikia katika nyumba za ukoo wetu. Mama alinyamaza, akasema atafikiria. Baada ya siku chache akaniambia ana kikombe cha marehemu bibi kilichokatika mkono, kiko kabatini, ila lazima yeye mwenyewe aoneshe mahali pa kukiweka, na lipu isipigwe mpaka afike.