Neema ya Msuguano

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeiumba ardhi akaifanya tandiko, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, leo twapenda kuzungumza nawe juu ya neema unayoitumia tangu uamkapo hata ulalapo, wala huishukuru, kwa kuwa huna habari nayo. Neema hiyo ni msuguano, yaani ile nguvu izuiayo kitu kisiteleze juu ya kitu kingine. Nasi hatukuijua kwa kusoma vitabu vikubwa, maana elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi tu. Aliyetufundisha ni sakafu.

Hapa Arash, katika wilaya ya Ngorongoro, Waislamu tu wachache kati ya majirani zetu Wamasai. Msala wetu ni mdogo, na mahali pa kutawadhia palikuwa pa mawe yaliyopangwa tu. Tulipopata mifuko michache ya saruji kwa sadaka za watu, tulimwita fundi aje kupasakafu. Fundi akatuambia, "Mwalimu, hapa pana maji siku zote. Niache nipakwaruze kwa fagio kabla saruji haijakauka." Sisi tukakataa. Tulikuwa tukingojea wageni, tukataka sakafu ing'ae kama kioo, basi tukamwamuru apige niru. Akatii, kwa kuwa mkuu wa kazi tulikuwa sisi. Jioni mama watoto alipopita pale alisema, "Pamependeza, lakini wazee watapita wapi?" Tukamwona mkorofi, tukanyamaza.

Haukupita mwezi. Alfajiri moja mzee wetu mmoja alisimama kutawadha. Alipounyanyua mguu wa kulia auoshe, uzito wote ukabaki juu ya mguu wa kushoto, nao ukateleza. Akaanguka kwa nyonga, na mfupa ukavunjika. Ilikuwa masika. Gari lililomchukua kumpeleka hospitali lilinasa katika matope, magurudumu yakazunguka bure huku mzee akiugua ndani, mpaka vijana wa Kimasai wakakata matawi na kumwaga changarawe chini ya tairi. Hapo gari likashika ardhi, likatoka. Yaani asubuhi ile ile, mzee aliangushwa na ulaini, akaokolewa na ukwaruzo.

Watu wakaanza kusema kwamba fundi yule hajui kazi. Mmoja aliyekuwa amemwahidi kazi ya nyumba yake akampa mwingine. Sisi tukasikia, tukanyamaza. Hatukusema uwongo hata neno moja. Walakini, ndugu msomaji, kuna kunyamaza kunakoshinda uwongo kwa ubaya.

Baada ya miezi miwili hivi tulikuwa tukiwaeleza watoto maana ya Suratul Adiyat, pale Mwenyezi Mungu anapoapa kwa farasi wanaokwenda mbio, wakitoa cheche za moto kwa kwato zao. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, moto huo ulikuwa wapi kwanza, katika jiwe au katika ukwato?" Kabla hatujajibu, mwenziwe, mjukuu wa mzee wa Kimasai, akasema, "Haukuwa popote. Babu yangu hupekecha kijiti kigumu juu ya kibao laini, na kila kimoja peke yake ni baridi." Jibu lake lilikuwa bora kuliko letu. Wamasai hukiita kijiti hicho olpiron, na kwa jina hilo hilo huwaita wazee wa rika waliopewa kazi ya kuwalea vijana wa rika jipya, kwa kuwa wao ndio wawashao moto wa rika hilo.

Basi siku ile tukawafunza watoto habari ya msuguano kwa kadiri tulivyoifahamu. Kitu chochote tukionacho laini, lau tungekitazama kwa darubini kali, tungeona kina vilima na mabonde. Vitu viwili vikikutana, vilima vya hiki hugusa vilima vya kile, na hapo hushikana. Maji yakiingia katikati, na zaidi sabuni au mafuta, vilima havifikiani, na mguu huteleza. Sakafu iliyokwaruzwa huyaachia maji njia ya kukimbilia, na unyayo hupata pa kushika. Ndiyo sababu tairi huchongwa mifereji, na tairi lenye kipara huwa hatari mvua inyeshapo.

Mfaransa mmoja, Guillaume Amontons, alieleza mwaka 1699 kwamba msuguano huongezeka kwa kadiri ya uzito ukandamizao, wala hautegemei upana wa mahali panapogusana. Mwenziwe, Charles-Augustin de Coulomb, akalichunguza jambo hilo zaidi, akatoa kazi yake mwaka 1785. Watoto wetu walilijaribu kwa tofali na kamba. Walilivuta likiwa limelala, kisha likiwa kwa ubavu, na nguvu iliyotakiwa ilikuwa karibu ile ile. Walipolipandishia tofali la pili, nguvu ikawa kama mara mbili. Wakaona pia kwamba kuling'oa tofali lililotulia ni kugumu kuliko kuliendeleza likiisha kuanza kwenda. Kila aliyesukuma gunia la mahindi alijua hilo.

Lau si msuguano, fundo la kamba lisingefunga, msumari usingekaa ukutani, chaki isingeandika ubaoni, wala kiberiti kisingewaka. Gari linaloteremka kutoka ukingo wa Ngorongoro kwenda Karatu lisingesimama, kwani breki ni msuguano mtupu. Hata ibada zetu zimo humo. Mswaki husafisha kwa kusugua, na katika udhu kuvisugua viungo ni sunna kwa madhehebu yetu ya Shafii, na kwa Imamu Malik ni faradhi.

Kadhalika msuguano una hasara zake. Hula tairi na mashine, na breki zikikandamizwa mteremko mzima hupata moto mpaka zikashindwa kushika. Ndiyo maana dereva mwenye busara hutumia gia nzito. Kwa hiyo watu huweka mafuta katika bawaba na katika injini, na mabaharia wa pwani hupaka vyombo vyao deheni, yaani chokaa na shahamu, ambayo huilinda mbao na kukifanya chombo kiteleze majini. Hekima si kuuondoa msuguano wala kuuzidisha, bali kujua mahali pa mafuta na mahali pa mchanga.

Tulirudi nyumbani tumejiridhisha na somo letu, tukamsimulia mama watoto. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umewaeleza vizuri kwa nini mzee alianguka. Umewaeleza ni nani aliyeagiza niru?" Neno hilo lilitukwaruza sana. Tulikasirika, na chakula hatukula. Usiku tukafahamu kwamba kwa miaka mingi tulikuwa tukitaka nyumba iwe kama sakafu ile, yenye kung'aa, isiyo na neno la kupinga. Na katika nyumba ya namna hiyo mtu huteleza bila kitu cha kumshika.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, tulisimama mbele ya watu tukasema kwamba fundi alitushauri sawasawa, nasi tukamkataza kwa kupenda kuonekana. Maneno yale yalikuwa mazito kuanza, kama tofali lililotulia, lakini yalipokwisha kuanza yalikwenda. Kisha tukamfuata fundi kwake tukamwomba radhi. Alituacha tumesimama kitambo, naye alikuwa na haki. Jumatatu alikuja na patasi yake, akaikwaruza sakafu yote, akachonga na mifereji. Kazi aliyoipoteza haikurudi, na deni hilo liko juu yetu.

Mzee wetu sasa hutembea kwa mkongojo wenye kipande cha tairi kuukuu kilichofungwa chini. Tulipomwendea kutaka msamaha alicheka akasema, "Mwalimu, sakafu yako ilikuwa na adabu mno, haikuthubutu kunishika." Akatusamehe. Lakini hasimami tena kuosha mguu, huletewa kigoda.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni sehemu ya imani. Basi, ndugu msomaji, leo itazame nyumba yako. Pitisha mkono juu ya sakafu ya bafu na ya mahali pa kutawadhia, hasa ikiwa unaishi na wazazi. Ikiwa ni laini, ikwaruze, au tandika kitu chenye kushika. Na yule nyumbani mwako ambaye neno lake hukukwaruza, usifanye haraka kumnyamazisha. Huenda ndiye changarawe chini ya gurudumu lako.

Mwenyezi Mungu atuthibitishe miguu yetu duniani na siku ya Sirati. Amin.