Toka Liège mpaka Bukavu: safari ya jamaa yetu kwa ndege na kwa basi



Wengi kati yenu mna watoto na wajukuu walio Ulaya, Kanada ao Marekani, na kila mwaka mnawauliza: mtakuja lini? Sisi ni baba, mama na watoto watatu wa miaka 12, 9 na 4, wakaaji wa Liège, Ubelgiji. Mwezi wa saba 2019 tulikuja Bukavu kumwona mama mzazi wa baba watoto, ambaye watoto wanamwita Koko. Mkubwa alikuwa amemwona mara moja, akiwa mchanga. Wawili wengine walimjua kwa simu tu. Tunawaandikia habari ya safari ile ili wanaongojea wajue kwa nini inakawia, na wanaojitayarisha wajue inavyokuwa.

Kwanza ni feza. Tiketi tano za ndege wakati wa likizo kubwa zinakula akiba ya miaka. Kisha karatasi. Sheria ya Kongo ya Novemba 2004 inasema uraia wetu ni mmoja, haushikwi pamoja na mwingine. Sisi tulikuwa tumekwisha kuchukua pasipoti za Ubelgiji, kwa hiyo tuliomba viza, mmoja mmoja, ili kuingia mji tuliozaliwa. Inauma kidogo, lakini ndivyo ilivyo. Tena kila mmoja alipaswa kuwa na karte ya manjano inayoonyesha chanjo ya homa ya manjano.

Tulipokuwa karibu kuondoka, tarehe 17 Julai, Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri ni jambo la kushtua dunia nzima. Simu zikaanza kulia. Wandugu wa Ulaya walisema: ahirisheni. Tulimpigia Koko. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Siwezi kuwaambia mje, na siwezi kuwaambia msije. Lakini mnajua miaka yangu ni 81.»

Tulimuuliza daktari wa watoto wetu. Alitueleza kwamba ugonjwa ulikuwa kaskazini, kwamba Bukavu haikuwa na mgonjwa, na kwamba kunawa mikono na kutogusa wagonjwa ni kinga kubwa. Tukaamua kwenda.

Watu wengine wanauliza: kwa nini kupitia Rwanda, na nchi yetu ina Kinshasa? Wamama, Kongo ni kubwa. Toka Kinshasa mpaka Bukavu ni karibu kilomita 1 500 kwa anga, na hakuna basi la kukufikisha. Uwanja wetu wa Kavumu haupokei ndege za Ulaya. Anayetoka Ulaya kwenda Bukavu anashuka Kigali, kisha anafuata barabara.

Ndege ya kwanza ilitoka Bruseli usiku na kutufikisha Addis Ababa asubuhi. Mji ule uko juu, zaidi ya metre 2 300, na mwezi wa saba ni wakati wa mvua kule. Watoto waliotazamia joto la Afrika walitetemeka kwa baridi. Wakati wa kungoja ndege ya pili tuliwafundisha jambo lililowafurahisha: watu wa Etiopia wanahesabu saa kama sisi waswahili, toka jua linapochomoza. Wa miaka 9 alifungua daftari lake akaandika: «Saa moja ni saa saba.»

Kigali tulifika mchana. Tulikuwa tumeacha sashe zote za plastiki Liège, kwa sababu Rwanda imezikataza tangu 2008 na wanaziondoa uwanjani. Hatukupanda basi siku ile. Tulilala, tukaoga, watoto wakala wali. Shauri letu la kwanza kwenu ni hilo: msiunganishe ndege na basi kwa siku moja mkiwa na mtoto mdogo.

Asubuhi, saa kumi na mbili, tulikuwa kituo cha Nyabugogo. Valizi kubwa zilitusumbua, maana basi la kule halina nafasi kama ndege, na mzigo mwingine tulilipia kiti. Tulipita Muhanga, Nyanza na Huye, tukapanda mpaka msitu wa Nyungwe. Hapo barabara inajipinda karibu kilomita 50 ndani ya miti, na nyani wanakaa kando wakitazama magari. Mvua inayoanguka upande mmoja wa milima ile inakwenda Nile mpaka Misri. Ile ya upande wa pili inashuka ziwani Kivu, inafuata Ruzizi mpaka Tanganyika, kisha inaingia mto Kongo mpaka bahari ya Atlantiki. Mkubwa wetu alisoma jambo hilo masomoni. Siku ile aliliona kwa macho.

Nyuma yetu alikaa mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa akirudi na bidhaa zake. Alimsikia mtoto wetu akiongea Kifaransa tu, akamuuliza: «Wewe, utamwamkia Koko wako namna gani?» Mtoto akaona haya. Basi mama yule akaanza kazi. Kona baada ya kona alimfundisha: jambo Koko, habari ya siku, nimefika salama. Alipokosea, basi zima lilicheka, naye akacheka pia. Sisi wazazi tulikuwa tumejaribu miaka mingi nyumbani, lakini nyumbani mtoto hana haja ya Kiswahili. Ndani ya basi lile alikuwa na haja nacho.

Lakini zile kona zilimshinda mdogo. Alitapika mara tatu. Tulipofika Kamembe alikuwa amelegea, uso wake umekuwa moto. Na mbele yetu ulikuwa mpaka wa Ruzizi, ambako wakati ule kila mtu alinawa mikono kwa maji ya klorini na kupimwa joto. Mtoto anayetapika, mwenye uso wa moto, mwezi wa Ebola! Mmoja wetu aliwaza: tuseme nini? Tuliamua kusema kweli. Tulikaa chini ya mti, tukamvua koti, tukampa maji kwa kijiko, kidogo kidogo. Kisha tulimwendea muuguzi wa mpaka na kumwambia: huyu ametapika njiani, mtazame. Alituuliza tulikopita na siku ngapi. Alimweka pembeni, akampima, akangoja, akampima tena. 36,9. Akasema: «Ni kona za Nyungwe. Pitisheni mtoto.» Hatutamsahau muuguzi yule. Kama tungeficha, na mtoto awe mgonjwa kweli, tungemletea Koko kifo mkononi.

Koko alikuwa amengoja kwenye kiti mlangoni, na kikwembe chake cha siku kubwa. Wa miaka 9 alitangulia. «Jambo Koko. Nimefika salama.» Koko alimshika mikono yote miwili, akamjibu kwa Mashi, kisha kwa Kiswahili, asimwachilie. Jioni tulikula ugali, sombe na sambaza. Mdogo alikula sambaza pamoja na vichwa.

Tulikaa majuma manne. Kwenu mnaofikiria safari kama hiyo, tunaacha mambo haya:

Mtoto aliyezaliwa Ulaya hana nguvu ya kupambana na malaria. Mpeni dawa ya kinga aliyoandikiwa na daktari, na alale ndani ya chandarua. Akiwa na homa, apimwe siku ileile. Hata mkirudi Ulaya, homa ikija miezi baadaye, mwambieni daktari mlikotoka.

Kwa kuhara na kutapika, chukueni pakiti za ORS. Zikikosekana: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto achukue barua ya ruhusa ya mwenzake.

Ninyi mlio Bukavu, msiwatume watoto wenu walio Ulaya valizi za zawadi. Waambieni waweke feza hiyo ya zawadi katika tiketi ya mtoto mmoja zaidi.

Leo kila siku ya Mungu jioni watoto wanapiga simu nyumbani kwa Koko. Zamani sisi ndio tulioongea nao wakasikiliza. Sasa wananyang'anyana simu, na wa miaka 9 anawasahihisha wengine.