Namba Iliyo Mwisho wa Ukurasa

Jarida la kwanza la gemu nililowahi kumiliki halikuwa na jalada. Nililinunua Posta, Dar es Salaam, kwa wale wauza vitabu vya mtumba wanaopanga mali yao chini, kwa hela niliyopewa ya nauli. Nikarudi nyumbani kwa mguu. Lilikuwa jarida la Uingereza, na kurasa zake za katikati zilijaa uhakiki wa gemu ambazo sikuwahi kuzitia machoni.

Mtaani kwetu kulikuwa na banda la gemu: PlayStation mbili, televisheni mbili za chogo, benchi moja. Humo ulichezwa mpira tu. Mwenye banda alikuwa na hoja yake. Mechi ina mwanzo na mwisho. Unalipa, unacheza, unampisha mwenzio. Gemu ya hadithi itamtajirisha nani? Mtu akishashika pedi anaanza kupiga soga na wanakijiji wa kwenye skrini mpaka magharibi, na foleni imekaa tu inamwangalia.

Basi gemu za hadithi mimi nilizicheza kwa kusoma. Nilijua milango ya majumba ambayo sijaingia, nikajua ni wapi mhakiki alichoka na ni wapi alishtuka. Mwisho wa kila uhakiki palikuwa na namba, kati ya moja na kumi. Nikabuni mchezo wangu: naifunika namba kwa kidole gumba, nasoma maneno yote, halafu nakisia. Nilikosea mara nyingi. Mtu anasifia ukurasa mzima, chini kaweka 6. Mwingine analalamika mwanzo mwisho, anatoa 8. Nikadhani Kiingereza changu ndicho kibovu.

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba tatizo halikuwa Kiingereza peke yake. Shuleni kwetu aliyepata 70 alikuwa anapongezwa. Kwenye gemu, 7 ni namba ya kusikitikia. Chukua Metacritic, tovuti iliyoanza mwaka 2001 na inayokusanya alama za wahakiki wengi na kutoa wastani mmoja juu ya mia. Kwa miaka mingi, humo filamu yenye 61 imepewa rangi ya kijani, yaani imependwa. Gemu inahitaji 75 ndiyo ipate kijani hichohicho. Kwa hiyo 70 ileile ni sherehe kwa filamu, na kwa gemu ni njano, kama taa ya barabarani inayokwambia subiri kwanza. Isitoshe, wastani wenyewe haupigwi kwa usawa. Baadhi ya wahakiki wana uzito kuliko wengine, na uzito wa kila mmoja hautangazwi.

Unaweza kusema, sasa hiyo inamuumiza nani? Ni namba tu. Mwaka 2010 ilitoka gemu iitwayo Fallout: New Vegas, iliyotengenezwa na studio ya Obsidian ya Marekani kwa ajili ya kampuni ya Bethesda. Ilikuwa na hitilafu nyingi siku za mwanzo, lakini uandishi wake unasifiwa hadi leo. Mwaka 2012 Chris Avellone, mmoja wa wakubwa wa Obsidian, alieleza hadharani kwamba mkataba wao haukuwapa mgawo wa mauzo. Kulikuwa na bonasi tu, endapo gemu ingefikisha 85 kule Metacritic. Ilipata 84.

Huwa najaribu kumwona mhakiki mmoja, sijui wa wapi, saa nane usiku, anasitasita kati ya 8 na 9. Anaandika 8, anazima taa, analala. Hana habari na mkataba wa watu. Wala simlaumu, maana hata angejua, kumwongezea mtu alama kwa huruma ni uongo vilevile. Ila alama yake ilikwenda kufanya kazi ambayo yeye hakuituma.

Na wastani una ujinga wake mwingine. Mwaka huohuo wa 2010 ilitoka Deadly Premonition, gemu ya Kijapani kuhusu mpelelezi anayefika kwenye mji mdogo wa Marekani kuchunguza mauaji, huku akizungumza na mtu asiyeonekana. Picha zake zilikuwa za kizamani, magari yanaendeshwa kama meza. IGN ya Marekani iliipa 2 juu ya 10. Destructoid ikaipa 10 juu ya 10. Ikaingia hadi kwenye rekodi za Guinness kama gemu ya kutisha iliyowagawa zaidi wahakiki. Sasa jumlisha mbili na kumi, gawa kwa mbili: sita. Sita ni alama ya gemu ya kawaida, isiyoudhi wala kusisimua. Gemu hiyo haipo, na kati ya wale wawili hakuna aliyeicheza.

Nimeyasema yote haya kwa upole kama mtu wa pembeni. Kumbe na mimi nimo.

Miaka michache iliyopita niliandikia tovuti moja ndogo ya burudani. Mhariri alinitumia gemu ya simu iliyotengenezwa na vijana watatu wa hapahapa nchini, kuhusu msichana anayemtafuta mama yake katika mji wa pwani usiku mmoja wakati umeme umekatika. Malipo yalikuwa madogo na tarehe ilikuwa karibu. Simu yangu ilikuwa ya zamani, gemu ikawa inakwama kila baada ya dakika chache. Nikaandika aya sita. Tatu nilisifia: sauti za usiku, mazungumzo ya mlinzi wa msikiti, jinsi giza lilivyochorwa bila kuwa jeusi tii. Tatu nikalalamikia kukwamakwama. Nikatuma. Mhariri akajibu mara moja: "Maksi iko wapi?" Nilikuwa kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja bombani. Nikaandika 4.

Ndivyo ilivyokuwa. Ningependa kukwambia kwamba nilipima, lakini sikupima.

Aya zangu sita hazikwenda popote. Iliyosambaa ni picha ya ile 4, mtu kaikata na kuiweka kwenye makundi ya WhatsApp na maneno ya kejeli kuhusu vitu vya kibongo. Watu ambao hawajawahi kuigusa gemu ile walijua tayari ni mbovu. Na mimi, nikiri, siku ya kwanza nilifurahia. Nilikuwa sijawahi kusomwa kiasi kile. Ilinichukua muda kung'amua kwamba hata siku ile sikusomwa.

Baadaye nilikutana na mmoja wa wale watatu kwenye tamasha la vitabu. Ni binti mpole, ndiye aliyeandika mazungumzo. Nilijiandaa kugombezwa. Akanisalimia vizuri, akasema alisoma uhakiki wangu wote na kwamba ile aya ya mlinzi wa msikiti alimsomea mama yake. Kisha akauliza, "Samahani kaka, ulifika sokoni?"

Nikamuuliza soko lipi.

Akatikisa kichwa polepole. Hakukasirika. "Basi hukufika," akasema. "Sokoni ndipo umeme unaporudi."

Nilirudi nyumbani nikaazima simu ya mdogo wangu, nikaicheza gemu upya. Haikukwama hata mara moja. Usiku wa manane nikafika sokoni. Sitaeleza kinachotokea taa zinapowaka, maana bado natamani mtu aende mwenyewe. Niseme tu kwamba giza lote lililotangulia, lile nililolisifia kwa uchoraji wake, lilikuwa limebeba kitu, na mimi niliondoka kabla hakijateremshwa.

Nikamwandikia mhariri tuibadilishe. Akasema hapana: tukianza kubadilisha maksi kwa sababu tumekutana na mwenye mali, kesho nani atatuamini? Niliudhika, lakini hoja yake ina mashiko. Kinga ya mhakiki dhidi ya bahasha na urafiki ni kubaki na neno lake. Nikamwomba basi aongeze mstari mmoja: mwandishi hakumaliza gemu. Hilo alikubali. Mstari upo mpaka leo, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Ile 4 iko juu, kwa herufi kubwa.

Wapo waliojaribu kuachana na namba. Mwaka 2015 Eurogamer ya Uingereza iliziondoa, ikawa inasema tu kama gemu inapendekezwa au iepukwe. Mwaka 2023 ikarudi na nyota tano. Siwacheki. Msomaji mwenye hela ya gemu moja kwa mwezi ana haki ya kuuliza swali fupi na kupewa jibu fupi. Nasi wa vitabu tusijitoe: ni mara ngapi umeiacha riwaya dukani kwa sababu mahali fulani ilikuwa na nyota tatu na nusu?

Siku hizi kila uhakiki wangu, wa gemu au wa kitabu, unaanza na sentensi moja kavu: nimetumia simu gani au nakala gani, saa ngapi, na nimeishia wapi. Mhariri mwingine aliniambia inaboa. Sawa, iboe. Namba naitoa nikiombwa, lakini nikiwa nimekaa.

Lile jarida bado ninalo. Juzi mtoto wa dada yangu alilikuta, akafungua kurasa za katikati, akaenda moja kwa moja chini pembeni. "Mjomba, hii ilipata 9," akasema. Nikamwekea kidole gumba juu ya ile 9, nikamwambia asome kwanza.