Kabla Uniulize Canon ama Sony, Niambie Jirani Yako Anatumia Gani

Wasee, leo wacha tuongee hii maneno mara moja tuimalize. Kila wiki lazima nipate ujumbe wa aina moja: "Bro, nimejipanga na elfu hamsini hivi, nataka kuanza kupiga picha. Ninunue Canon ama Sony? Ama nitafute Nikon?" Zamani nilikuwa najibu haraka, tena kwa kujiamini kama wakili. Siku hizi nauliza swali lingine kwanza: jirani yako anatumia gani? Wengi hudhani nawatania. Sitanii. Hili jibu lilinigharimu, na stori yenyewe hainifanyi nionekane mjanja.

Kwa wageni hapa: mimi ni wa Thika, Makongeni. Chuo niliacha mwaka wa pili baada ya karo kunishinda, nikabaki na kamera moja, Canon 700D iliyotumika. Hiyo kamera ilitoka 2013, kwa hivyo ilinifikia ikiwa tayari ni mzee kazini. Nilikuwa na lenzi mbili: ile ya 18-55 iliyokuja nayo, na ile ndogo ya plastiki ya milimita 50, f/1.8, ambayo kila mtu anaanza nayo kwa sababu ni ya bei rahisi na inaona gizani.

Vitu vyangu viliishia hapo. Lakini nilichokuwa natumia kilikuwa kingi zaidi. Tulikuwa watano kwenye laini ya Thika hadi Ruiru, na wote tulikuwa Canon. Hatukupanga, ilitokea tu, kwa sababu aliyetutangulia alikuwa mzee mmoja mwenye studio ya picha za pasipoti Ruiru mjini, na yeye alikuwa Canon. Mzee alikuwa na 70-200. Jamaa wa Juja alikuwa na 85. Jirani yangu wa Makongeni alikuwa na 24-70 na flashi mbili. Mimi nilikuwa na 50 yangu na mdomo mwingi.

Ukiwa na kazi Jumamosi, unapiga simu Alhamisi. Lenzi inafungwa kwa taulo, inaingia kwa begi, inapandishwa matatu Ruiru, unaipokea steji Thika kutoka kwa mtu mnayemjua. Jumatatu inarudi na kitu kidogo cha kushukuru. Wamama wana chama cha pesa, sisi tulikuwa na chama cha lenzi, tofauti ni kwamba hatukuwahi kukipa jina. Na kitu usichokipa jina ni rahisi kukiacha bila kujua.

Jumapili nyingine tulikuwa tunakutana Kamakis, tunachanga nyama, halafu ubishi unaanza. Nani mkali, Canon ama Sony? Mmoja lazima angesema, "Canon inajua ngozi yetu. Sony inatufanya tukae kama tuna malaria." Tungelumbana hadi nyama ipoe. Siku moja mzee alituacha tumalize, kisha akasema, "Vijana, mnajua wakati wa filamu maabara zilikuwa zinapima rangi na nini?" Akatueleza habari ya kadi za Kodak zilizoitwa Shirley: picha ya mwanamke mzungu, ambayo mafundi waliitumia kulinganisha rangi wakati wa kusafisha picha. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi mashine iko sawa. Sisi wengine tulikuwa tunatoka tunavyotoka. "Huo ulikuwa ubaguzi wa kweli," akasema. "Lakini nyinyi leo shida yenu ni uvivu."

Mzee hakuwa anatutukana tu. Mita ya kamera haijui mtu. Inaona mwanga pekee, na inadhani kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu. Gauni jeupe likijaa kwenye picha, kamera inaogopa mwanga, inaupunguza, na bwana harusi wetu mweusi anazama gizani. Canon itafanya hivyo, Nikon itafanya hivyo, Sony itafanya hivyo. Dawa ni kuongeza mwanga kwa mkono wako mwenyewe, kupima rangi ya taa za ukumbi, na kumsogeza mtu karibu na dirisha. Ukipiga RAW, rangi nyingi utazinyoosha baadaye. Hayo niliyajua bure, kwenye sahani ya nyama, kwa sababu ya watu niliokaa nao.

Sasa, nilikosea wapi?

Kwenye ruracio moja, mjomba wa msichana alinisogelea, akaiangalia 700D yangu, akaniuliza kwa upole, "Kijana, hii ndiyo kamera? Yule wa mwaka jana alikuwa na kubwa." Nilicheka. Usiku sikulala. Nikaanza kutazama video za Sony A7 III hadi saa tisa za usiku. Kamera ya 2018, sensa kubwa, inafuata jicho la mtu popote aendapo, nafasi mbili za memori kadi. Nikajiambia nimechoka kuwa mtu wa kuomba lenzi. Si wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako?

Niliuza Canon na lenzi zote mbili, nikapata elfu 40. Akiba ilikuwa elfu 45. Zilizobaki, elfu 60, mama alinichukulia kwenye chama chake. Mama huuza mboga sokoni. Aliniuliza swali moja tu: "Hii itakuletea kazi ama sifa?" Nikamwambia kazi. Tukakubaliana nitarudisha elfu tano kila mwezi, mwaka mmoja.

Elfu 145 ziliishia kwenye bodi na lenzi moja, ile ya 28-70 inayouzwa pamoja na kamera kwenye boksi. Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa hivyo nisikize vizuri. Hiyo lenzi ukiivuta hadi 70, inafunguka f/5.6 tu. Ile 50 yangu ya plastiki ilikuwa inafunguka f/1.8. Piga hesabu: f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Sensa ya Sony ni kubwa kuliko ya 700D, ndiyo, kwa eneo ni kama mara mbili na nusu. Lakini mbili na nusu haiwezi kulipa kumi. Nikaingia kanisani na kamera ya elfu 145, nikatoka na picha zenye chenga kuliko zile za kamera ya elfu 30. Wateja hawakugundua. Mimi niligundua.

Na kulikuwa na jambo lingine ambalo sikulifikiria kabisa. Kila kampuni ina umbo lake la pale lenzi inapofungwa kwenye bodi, tunapaita maunti. Canon walianza EF mwaka wa 1987, na lenzi za zamani zikaachwa nje. Nikon wana F tangu 1959. Sony wana E. Mwaka wa 2018 Canon wakaleta RF, Nikon wakaleta Z. Ukinunua kamera, hujanunua jina. Umechagua mlango, na umechagua ni nani anaweza kuja kwako na funguo.

Sikumwambia mtu yeyote kwenye kikundi kwamba nimehama. Nilitaka kuwashangaza.

Ilikuwa Jumamosi ya harusi, asubuhi kanisani Ruiru, mchana sherehe kwenye bustani moja Ngoingwa. Kanisani mambo yalienda. Tukapita Chania Falls tukapiga picha za maharusi, poa sana. Tukafika Ngoingwa, nikawa natembea kinyumenyume mbele ya maharusi wakiingia, nikajikwaa kwa kamba ya tenti. Nikaanguka na kamera ikiwa chini yangu, lenzi ikatangulia. Bodi ilipona. Lenzi iligoma kuzunguka, fokasi ikafa. Nisimlaumu mtu, kamba niliiona nikifika.

Nikampigia jirani yangu wa Makongeni. "Niko na 24-70 hapa. Usitoke hapo." Alikuja na boda, hata dakika kumi na tano hazikuisha. Akafungua taulo, akanipa lenzi huku anahema. Kisha akaona kamera niliyoshika.

"Si ulikuwa Canon?"

Nikaishika ile lenzi karibu na mdomo wa kamera yangu kama mtoto anayelazimisha pembe iingie kwenye tundu la duara. Adapta zipo duniani, lakini sisi wote hakuna aliyekuwa nayo. Bodi yake mwenyewe alikuwa amemwazima jamaa wa Juja. Tukampigia mzee Ruiru. Hakuuliza maswali. Alisema, "Natuma bodi na boda sasa hivi." Kutoka Ruiru hadi Ngoingwa, Jumamosi mchana, hiyo si dakika tano.

Wakati tunangoja, MC akatangaza mabadiliko kidogo ya programu. Cucu wa bibi harusi alikuwa ametoka Murang'a na alitaka kurudi kabla giza halijaingia, kwa hivyo atawabariki maharusi sasa. Akasimamishwa na wajukuu wawili. Akaweka mikono juu ya vichwa vyao, akaomba kwa Kikuyu, taratibu, hadi tenti nzima ikanyamaza.

Simu yangu ilikuwa mfukoni. Ina kamera nzuri, video zangu nyingi mnazoziona nimezipiga nayo. Sikuitoa. Nilikuwa nimelipwa kama mtu wa kamera kubwa, na niliona aibu mbele ya watu mia tatu kuonekana napiga harusi na simu. Nikasimama pale na bodi isiyo na jicho mkono mmoja, na lenzi isiyo na bodi mkono wa pili.

Bodi ya mzee ilifika cucu akiwa ameshaketi. Tukaifunga kwa ile 24-70, nikamaliza kazi. Keki, densi, zawadi, zote ziko. Picha nilipeleka kwa wakati, wakalipa, wakashukuru.

Baada ya miezi minne bibi harusi alinipigia. Cucu alikuwa ametuacha, na familia ilikuwa inatafuta picha ya programu ya mazishi. "Ile akitubariki," akasema. "Najua uko nayo, nilikuona umesimama pale pale." Ilibidi nimwambie ukweli. Hakunigombeza. Alinyamaza tu, na ule ukimya bado uko nami.

Binamu mmoja ndiye alikuwa ameipiga, na simu, akiwa ameketi. Niliomba faili yenyewe, nikaisafisha nilivyoweza, mzee akaichapa pale studioni na kuiweka fremu bila kutoza hata bob. Imetikisika kidogo, lakini mikono ya cucu inaonekana vizuri. Na nyuma kabisa, upande wa kushoto, niko mimi, na vyuma vyangu viwili, naangalia.

Kwa hivyo nimerudi Canon? Hapana. Kuuza tena kungenipotezea pesa zaidi, na deni la mama halikuwa limeisha. Nilinunua adapta ya kufunga lenzi za Canon kwenye Sony. Sasa 24-70 ya jirani inaingia, si kwa kasi ile ile ya kushika fokasi, lakini inaingia. Na bodi yangu nayo inaazimwa. Jamaa wa Juja akiwa na harusi anaitaka, kwa sababu ya zile kadi mbili: moja ikikufa, picha ziko kwa nyingine. 700D haikuwa na hiyo, lazima niseme ukweli. A7 III ni kamera nzuri sana. Tatizo lilikuwa mimi, nilinunua kamera ya kumjibu mjomba wa watu.

Methali ile ya nguo ya kuazima bado ni kweli kwa mtu anayeazima kila siku na hana cha kuazimisha. Lakini kuna nyingine inasema kidole kimoja hakivunji chawa, na hii kazi ya picha mtaani ina chawa wengi.

Basi wewe mwenye elfu hamsini, kabla hujanunua, tafuta watu watatu wanaopiga picha karibu na kwenu, wale unaweza kuwafikia na boda. Angalia wanashika nini. Wakiwa Nikon, nunua Nikon, hata kama mimi na wengine wote mtandaoni tunaimba Sony. Chukua bodi ya zamani, pesa nyingine zibaki za lenzi moja inayofunguka vizuri. Hizo mbwembwe za bodi mpya kodisha ya siku moja, kazi ikilipa. Na jambo likitokea mbele yako na huna kingine, toa simu. Hakuna atakayekumbuka ulishika nini.

Mama nimemlipa mwezi uliopita, elfu tano ya mwisho. Alizihesabu, akazikunja ndani ya leso, akauliza, "Na ile kamera, siku hizi inakaa na nani?" Nikamwambia wiki hii iko Juja. Akasema, "Hapo sasa."