Kulala Ndani ya Kihenge

Leo naomba tuzungumzie hoteli. Si kwamba nina ubavu wa kulala humo, la hasha! Kwa bei zake, mshahara wa mwandishi unaisha kabla ya kifungua kinywa. Niliiangalia kwa nje tu nilipokuwa Cape Town, na tangu hapo haijanitoka kichwani.

Inaitwa The Silo. Kwa Kiswahili chetu ni kihenge, na kweli palikuwa kihenge. Jengo lilikamilika mwaka 1924 pale bandarini: zege tupu, mnara wa mita 57, na ubavuni matangi marefu 42 ya nafaka. Mahindi yalikuja kwa treni kutoka bara, yakapimwa, yakapangwa madaraja, yakapakiwa melini kwenda ng'ambo. Mwaka 2001 kazi ikakoma, likabaki gofu.

Wengine wangeleta tingatinga. Wenyewe wakamwita mbunifu Mwingereza, Thomas Heatherwick. Yale matangi aliyakata kwa ndani mpaka ukapatikana ukumbi mkubwa wenye umbo la punje ya hindi. Leo ni jumba la sanaa ya kisasa ya Afrika, Zeitz MOCAA, lililofunguliwa 2017. Juu yake, mle mnarani, ikawekwa hoteli ya vyumba 28, iliyofunguliwa mwaka huohuo. Madirisha yake yametuna kwa nje kama mito ya kulalia, na taa zikiwaka usiku mnara mzima unang'aa.

Nakiri, nilipata wivu. Nilikumbuka Tanganyika Packers ya Kawe, kiwanda cha nyama ambacho kwa vijana wengi wa Dar limebaki jina la viwanja vya mikutano tu. Zege tunalo, historia tunayo. Tumekosa nini?

Lakini jamani, kuna jambo linanikera. Pale pale bandarini Cape Town, mwaka 1919, mhamiaji kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, aitwaye Clements Kadalie alianzisha chama cha wafanyakazi cha ICU. Desemba ya mwaka huo makuli waligoma wakidai ujira unaoeleweka. Miaka mitano baadaye kihenge kikasimama kwenye bandari hiyohiyo. Leo mgeni analipia usiku mmoja fedha ambazo kuli wa enzi zile asingeziota. Zege limehifadhiwa vizuri kweli. Jasho je, limehifadhiwa wapi?

Sisemi hoteli ibomolewe. Bila hoteli na jumba la sanaa, pengine gofu lingeanguka na hadithi yake ingezikwa nalo. Ninachosema ni kwamba kuokoa kuta ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuokoa waliofanya kazi humo: majina yao, zamu zao, mikono iliyokatwa na mashine.

Na hapo sisi tuna bahati ambayo Cape Town ya 1924 haiwezi kuirudisha. Wazee waliofanya kazi kwenye viwanda vyetu vilivyokufa, wengine bado wapo. Wako mitaani kwetu, wanacheza bao, wanasubiri mtu awaulize. Mwekezaji mwenye mchoro mzuri atakuja tu, leo au baada ya miaka ishirini. Wazee hawatamsubiri.

Kwa hiyo mdau, kama babu yako alipiga kazi kiwandani, kamuulize wiki hii. Kinasa sauti kimo kwenye simu yako.

Alamsiki.